Chumvi, kwa Kilatini

Kengele ya saa moja ikilia
tunaziacha lugha zetu mlangoni pamoja na viatu vya tope:
Odongkara Kiacholi chake, Sista Masika Kikonzo,
mimi hiki Kiswahili nilichozaliwa nacho
kambi ya polisi Nsambya, nyumba ya mabati, mlango wa kumi na nne.
Mpaka usiku, kasema Mwalimu Kabahenda, Kilatini tu.
Hakuna kitabu. Hakuna kutafsiri.
Anayeteleza ataosha sufuria.

Siku ya kwanza niliosha kumi na moja.

Aliinua kikombe: *Quid est hoc?*
Akainua kijiko. Akainua kandambili ya Odongkara,
tukacheka, na kicheko hakikuhesabiwa kosa.
Kisha akagonga kwa kifundo cha kidole:
*Mensa.*
Nikakodoa macho. Mensa. Meza.
Kumbe wewe!
Mreno gani alikuacha pwani, ukatembea na nani
hadi jikoni kwa mama,
ukabeba sahani zetu za bati miaka yote
bila kutaja kwenu?

Siku ya nne njaa ilinifunza kumpita mwalimu.
Matoke yamepoa, hayana ladha,
kibakuli cha chumvi kiko upande wa Odongkara,
nami nalijua neno la mfalme, la jeshi, la dhambi.
La chumvi silijui.
Nikanyoosha mkono kama bubu.
Akautazama tu. Kanuni ni kanuni.
Ndipo kutoka dirisha la jikoni Kahunde mpishi,
asiyelipa ada, asiyeandikishwa,
akapaza sauti: *Salem! Da mihi salem!*
akageukia kuni zake zinazotoa moshi.
Mwalimu akafungua daftari
akaongeza jina moja kwenye orodha ya wanafunzi.

Usiku sikulala. Mvua ya Fort Portal haina haraka.
Nilimfikiria mama, binti wa Hoima,
aliyeshushwa kambini na sanduku moja
na mume wa Lira asiyejua salamu ya kwao.
Katikati yao kulikuwa na Kiswahili,
lugha ya gwaride, ya amri na bakora;
mjini wakisema ni ya wezi.
Nani angempa kitabu?
Alikiokota kwenye foleni ya bomba, ndoo kwa ndoo:
*ngoja, zamu yangu, usinipite.*
Siku sita, aliwahi kunisimulia,
alipika mboga bila chumvi
kwa kuwa hakujua dukani aiombeje.
Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili
na ulimi ulioshiba.
Kwa maneno hayo hayo ya bomba
ndiyo kwanza alinibembeleza.

Wanasema Kilatini kimekufa.
Cha mama walisema hakina mwenyewe.
Sijui. Naandika ninavyosikia.

Siku ya tisa ukungu ulifunguka ghafla
na mlima ukasimama pale, mweupe kichwani.
Mwalimu akanyoosha fimbo: *Lunae Montes,*
Milima ya Mwezi, jina la watu wa mbali
waliousikia bila kuupanda.
Sista Masika, aliyechota maji yake utotoni,
mpole, asiyewahi kujibu bila kuulizwa,
akatikisa kichwa.
*Non luna, magistra. Nix.*
Si mwezi. Theluji.
Tukanyamaza wote, hata Kahunde mlangoni.
Mwalimu akaishusha fimbo
akarudia polepole, kama mwanafunzi: *Nix.*

Jumapili tunapewa nusu saa ya simu.
Mama hakuniuliza habari ya masomo.
Aliuliza, Umekula?
Nikafungua mdomo, na lililotangulia kutoka
likawa la huku: *Nondum.*

Kimya. Nikasikia redio yake, na kuku wa jirani.
Nikataka kujisahihisha.

Hiyo ni "bado", siyo? akasema mama.
Basi nenda ukale.