Hesabu ya Funguo

Barua zilitoka Ijumaa, saa za kufunga,
ili kila mtu akalilie kwake.
Mimi nilipewa karatasi nyingine,
jedwali: jina, chumba, namba ya ufunguo,
na kisanduku cha kutia vema.
"Delbert, wewe kusanya tu," akasema mkuu,
macho yake kwenye theluji ya Aprili
iliyolala juu ya mabasi ya njano.

Jumanne iliyotangulia tulijaa ukumbi wa mpira,
makoti yakinuka mvua na mbwa,
mwenyekiti wa bodi akigonga maikrofoni kwa ukucha.
Hawakusema kufukuza.
Walisema kurekebisha ikama.
Walisema pengo la dola milioni mbili na ushei,
watoto wamepungua tangu mgodi wa chuma ufungwe,
kodi nayo imekonda,
na yote yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniuma:
hapakuwa na mwongo wa kumzomea.
Kura tano kwa mbili.
Verna Brisbois, mmoja wa wale wawili,
alitafuta miwani yake muda mrefu, nayo i usoni.

Nesi Trudgeon alinipa ufunguo uliozungushiwa plasta.
"Kabati la insulini hukwama," akasema.
"Linyanyue kidogo kabla ya kuzungusha."
Nani atanyanyua, hatukuulizana.
Mshauri wa wanafunzi alishaondoka;
ufunguo wake ulikuwa kikombeni, pamoja na pipi tatu.
Kijana Ansel wa matamshi, mwaka wake wa kwanza,
aliuliza kama arudishe na kioo,
kile kidogo ambacho watoto hujitazamia ulimi
wanapoisaka herufi iliyowapotea.
Kwenye jedwali hapakuwa na kioo.
Nikamwambia akae nacho.

Bi. Kangas nilimwacha mwisho,
kama mtu anavyotafunia upande usio na jino bovu.
Miaka kumi na tisa, msaidizi wa darasa,
mshahara chini ya wangu.
Kazi yake kwenye makaratasi: msaada wa mtu kwa mtu.
Kazi yake yenyewe: Wendell,
miaka tisa, mtafuna mikono ya sweta,
asiyesema neno shuleni ila kwake,
na kwake pia kwa siku zake.
Kila saa nne hubisha mara tatu chumba 22,
wakakaa gizani dakika sita, wao na saa ya mchanga.
"Nimemwambia kwa picha," akasema Bi. Kangas.
"Nimemchorea mlango, na mimi nje yake."
Ufunguo ukagoma kutoka kwenye pete,
ukucha ukamvunjika, akacheka
kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

Vema kumi na moja nilitia,
na hakuna lililokuwa jema.

Jumatatu nilikuwa napiga deki korido ya kusini.
Ko, ko, ko.
Kimya.
Ko, ko, ko.
Mtoto amesimama kwa adabu,
ameambiwa, na bado ana imani na mbao.

Wa kuniambia la kufanya
alikuwa mmoja wa wale kumi na moja.
Basi nilifungua. Nikazima taa.
Nikakaa sakafuni, magoti yakilalama.
Saa ya mchanga ilikwenda na mwenyewe,
nikampa kitita changu cha funguo.
Akazipitisha moja moja kidoleni,
akazitenga zile ngeni, zote,
alizijuaje sijui,
ya 22 akaiweka shavuni.
Dakika sita. Labda tisa.
Ndoo yangu koridoni maji yanapoa,
na mtu akiteleza, kosa ni langu.

Kesho nitaulizwa ni kwa ruhusa ya nani.
Mimi mfagizi; kazi ile sijui jina lake.
Najua saa nne atabisha tena,
na kwamba kwenye ikama ya mwaka ujao
jina langu limezungushiwa penseli.