Maji Yake Yananukaje

Nilipopokea kiinua mgongo, ukoo mzima ulikaa kikao.
Jenga, akasema kaka.
Nunua pikipiki mbili, akasema shemeji,
uwape vijana, wakuletee hesabu jioni.
Jeladi, mtoto wa dada, yeye alifungua simu:
"Ukienda Ulaya, Ma'mdogo, pita miji sita. Treni zao ni mishale.
Asubuhi Paris, mchana sijui wapi, usiku umelala Roma."
Nikamwambia, mji mmoja. Wiki moja.
Mimi si kifurushi cha posta.

Miaka thelathini na mmoja nimeuchora mto Rhine
kwa chaki ya buluu, ubaoni, pale Katubuka,
toka milimani hadi baharini, na vishale vya mkondo,
na mashua bapa zilizobeba makaa ya mawe.
Niliuchora nikiwa na mimba, niliuchora nikiwa na msiba,
mpaka mkono ukaujua kuliko sahihi yangu.
Mwaka wangu wa pili kazini, dawati la nyuma,
Hamimu Rukemba alinyoosha kidole:
"Mwalimu, maji yake yananukaje?"
Darasa likacheka.
Nikamtoa nje, apige magoti kwenye changarawe.
Alipiga, akilitazama ziwa.

Basi, Koln. Siku saba.
Ya kwanza nililala, miguu imevimba kama mihogo iliyorowekwa.
Ya pili mvua; nikanunua mwavuli kwa bei ya mbuzi wa Kasulu.
Ya tatu nikauona.

Nilidhani nitalia. Sikulia.
Ulikuwa mpana, wa kijivu, una haraka
kama mtu mwenye kazi mbili.
Mashua zile bapa zilipita, kweli, kama nilivyozichora,
ila sikuwahi kuchora nguo zilizoanikwa nyuma,
wala baiskeli ya mtoto, wala mbwa akiubwekea ukingo.
Muhtasari wa wizara haukusema
kwamba humo ndani watu wanaishi.

Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa, benchi lile lile.
Kanisa lao kubwa, lenye minara miwili myeusi, nililipa mgongo.
Jeladi akapiga: "Picha ngapi mpaka sasa?"
Mbili. Moja ina kidole changu.
Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alikaa ncha ya pili ya benchi.
Lugha hatukuwa nayo.
Alinimegea mkate, nami nikampa dagaa watatu;
aliwatazama machoni kwanza, mmoja mmoja,
ndipo akala.

Siku ya sita nilishuka ngazi za mawe mpaka chini kabisa,
nikavua viatu, nikapiga magoti,
nikachota kwa kiganja.

Nimerudi. Sokoni Mwanga wananiita Mama Ulaya,
wananiuliza habari za bara zima
kana kwamba nililifagia.
Nawaambia: najua benchi moja, duka moja la mikate,
na namna ya kusema asante vibaya.
Wanaona nawabania.

Hamimu nimempata Kibirizi, anaunda boti.
Mvi zimeanza ndevuni, mikono myeusi kwa lami.
Sikusubiri hata salamu ziishe.
"Yananuka chuma kilicholowa," nikamwambia,
"na majani yaliyooza kidogo, na kwa mbali sana, mkate.
Siyo kama haya yetu."

Akaweka nyundo chini.
"Maji gani, Mwalimu?"

Nikamweleza, chaki, dawati, changarawe.
Magoti aliyakumbuka. Swali alilisahau.
Akacheka, akanifutia ubao nikae,
akafikiri kidogo, msumari mdomoni.
"Na hizo boti zao," akasema,
"mbao wanazishikizaje? Au ni chuma tupu?
Mshono wake ukoje?"

Siku nne nilikaa nazitazama.
Sikujua.