Diski Mbili

Fundi Kapufi wa Isevya aliweka mezani kompyuta mbili.
Moja kubwa, ina feni, inahema kama mgonjwa wa pumu.
Nyingine haizidi mche wa sabuni,
haina kinachozunguka ndani. Kimya.
"Hiyo kubwa ina nguvu," akasema.
Nguvu ya nini? Kazi yake kukesha sebuleni
na kuimba ikiambiwa.
Nikachukua mche wa sabuni.

Kwenye diski tulivutana.
Nina kaseti mia mbili na nne;
baba aliegemeza kinasa sauti mbele ya redio,
akatukataza kupumua.
"Tuzibane," akashauri fundi, "zitaenea hata kwenye flashi."
Nikamwekea ile ya masika, upande wa pili:
gitaa linapanda, halafu, nyuma kabisa,
mama anakohoa, anaita,
"Milembe, anua nguo!"
Ukibana, hicho ndicho kinachotangulia kufa.

Kapufi akazima feni ya dukani, asikilize tena.
Akatoa diski ya tera nne.
Mbili, nikamwambia.
Ya pili itapanda treni hadi Urambo, kwa dada,
maana umeme wa hapa hauagi ukiondoka,
na mama nilishampoteza mara moja.