Chakula cha Mchana, Ntoroko

Tulishuka mteremko wa Karugutu masikio yakizibuka,
Kabasinguzi usukanini, viatu kavua,
hatuna tulichofuata ila samaki.

Mama mwenye kibanda hakuuliza tutakula nini.
Aliuliza kwanza empaako, jina la kuitana kwa mapenzi.
Kabasinguzi akajibu upesi: Abwooli.
Mimi kimya. Kwetu Tororo
mtu ana la babu na la kanisani, basi.
"Wewe utangoja," akasema, akaenda kuparua magamba.

Tukangoja. Saa saba. Saa nane na kitu.
Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilijitokeza, ikajifuta.
Korongo, mabega juu kama karani mstaafu,
alikagua matumbo ya samaki, moja moja,
mengine akayakataa.
Mtoto alimwogesha mbuzi; mbuzi hakuafiki.
Kabasinguzi alilala, gazeti usoni,
likipanda na kushuka.

Kisha sinia: ngege mzima, mkia umekauka kwa mafuta,
ndimu, chumvi ya mawe, muhogo unaofuka moshi.

"Araali, kula, kitapoa."

Nikageuka nyuma kuona anaitwa nani.