Jumanne ya Marejesho

Saa tatu asubuhi, Makorora.
Baiskeli nimeiegemeza ukutani kwa Bi Chausiku,
mpika vitumbua, mkopo wa laki tatu,
rejesho la nne halijaja.
Hodi. Kimya. Hodi.
Chuma cha vitumbua bado kinafuka,
kwa hiyo yumo,
au ametokea mlango wa uani sasa hivi.

Barazani kashakaa mwanamke
mwenye fulana ya njano ya kampuni nisiyoipenda,
begi mapajani, kalamu sikioni.
Hatukusalimiana.
Semina ilitufunza: huyo ni mshindani.
Akaja wa tatu, fulana ya kijani,
anakokota baiskeli toka Pongwe, mnyororo umekatika.
Akatutazama, akacheka mpaka akakaa chini.
"Loo! Kumbe foleni ni ndefu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza.
Hapakuwa na risala wala mgeni rasmi.
Perpetua Hiza alikuwa na chungwa la Muheza,
akalimenya kwa kucha, akaligawa.
Tukafungua madaftari.
Laki tatu zangu.
Laki mbili na nusu za Perpetua.
Nne za Mwantumu.
Mama mmoja, chuma kimoja cha vitumbua,
na mtoto aliyelazwa Bombo mwezi mzima wa Mei.
Anachukua kwangu amlipe huyu,
kwa huyu amlipe yule,
kwa yule anilipe mimi:
maji yale yale katika ndoo tatu,
na kila ndoo inavujia kwake.

Mwantumu akauliza taratibu,
kama mtu anayeuliza umri,
"Asipolipa, kwenu anakatwa nani?"

Perpetua akatazama maganda ya chungwa.
Mimi nikafunga daftari.
Mshahara wangu wa Machi una tundu la elfu sitini;
nilimwambia mume wangu nimeibiwa sokoni.

Mganga hajigangi, wanasema.
Ningeongeza: naye hana wa kumuuliza dawa.

Leo tuko ishirini na mmoja.
Jumapili ya pili ya mwezi tunakutana Chumbageni,
darasa la chekechea tuliloazimwa,
tumekalia viti vya watoto, magoti yamegusa kidevu.
Tuna Siwema, anayesoma mkataba wa kazi
kama mtu anayechambua mchele.
Tuna mfuko wetu, mdogo, wa elfu tano tano.
Ukibeba fedha kutoka Amboni na saa kumi imepita,
piga simu, mmoja atakufuata.
Meneja akikwambia cheo chako
kitazungumzwa hotelini usiku, nenda;
tutakuja wote, na fulana za rangi zote.
(Alikimbia, yule. Mchuzi wake tuliula sisi.)

Jina la mteja halitajwi pale.
Tulikosea asubuhi ile, tulimfunua Bi Chausiku
barazani kwake mwenyewe, kama nguo za kuanika.
Sasa ni kanuni: deni analitaja mwenye deni.

Mwantumu, aliyelelewa na babu mtunzi,
aliandika nyuma ya stakabadhi iliyoharibika:

*Nguo zatutenganisha, njano, kijani, samawi,*
*deni latukutanisha, hodi haiitikiwi,*
*kimya kinatukausha, na mmoja hasikiwi,*
*chawa anatuchokesha, kwa kidole hauawi.*

Siwema alisema vina vimekaa,
lakini kwa nini chawa?
Tukabishana hapo nusu saa, ajenda zikalala.

Ila sijamaliza habari ya Makorora.
Tulipokuwa tumenyamaza, chungwa limekwisha,
komeo lilisogea.
Bi Chausiku, unga umemfika viwikoni.
Muda wote alikuwa nyuma ya mlango.
"Nimewasikia," akasema. "Kumbe na nyie mnadaiwa."
Akaleta sahani, vitumbua sita vya moto,
akakataa katakata tuviandike kama rejesho.

Nikala viwili.
Nikapangusa mafuta, nikachukua fomu,
pale penye *hajapatikana* nikapita,
nikatia tiki: *mteja amepatikana*.