Upindo

Jumanne walinishushia suruali sitini
kibandani kwangu, Kadutu, juu ya meza ya kukatia,
zikaifunika hata cherehani.
"Fupisha. Alhamisi tunazichukua."
Kuhusu malipo, komanda alisema serikali haisahau.
Nikacheka kwa pua, nikatia makaa kwenye pasi.

Zilishonewa watu wa nchi nyingine,
watu warefu, wanaokula nyama asubuhi.

Vijana wakaja mmoja mmoja kupimwa.
Kiuno sitini na nane.
Kiuno sitini na sita.
Kiuno sitini na tatu, na huyo alikuwa ameshiba,
alisema mwenyewe: wamempa bugali na maharagwe,
mara ya kwanza tangu atoke Walungu.

Wa kumi na saba nilimjua kwa kisogo.
Akonkwa wa mama Nabintu,
muuza mayai ya kuchemsha pale Nyawera,
yule anayekupasulia yai kwa ukucha wa gumba
na pilipili akakupimia kwa jicho.
Mimi ndiye niliyemshonea sare ya darasa la nne.
Mama yake alisimama hapo mlangoni:
"Fundi, acha upindo mpana. Huyu bado anakua."
Nikaacha vidole vinne.
Kila Septemba alinirudia, nikafumua kimoja.

"Umejiandikisha mwenyewe?" Futi ilikuwa gotini mwake.
"Waliziba ngazi za soko, juu na chini," akasema.
"Mayai yalikuwa bado moto."

Siku kumi na moja walifundishwa
kwenye uwanja wa mpira, nyuma ya kanisa.
Nilikwenda kutazama, nimesahau sindano mdomoni.
Siku ya kwanza, kushoto, kulia.
Siku ya pili, kushoto, kulia,
maana usiku mvua ilikuwa imefuta.
Bunduki zilikuwa mipini ya majembe;
aliyepewa mpini wa ufagio alichekwa.
Walipoamriwa kulala chini
walilala kama watu wanaolala,
mkono chini ya shavu.
Siku ya tisa ililetwa bunduki ya kweli, moja,
ikapita mkono kwa mkono kama mtoto wa kubatizwa,
kila mmoja akiogopa kuiangusha.
Risasi mojamoja, kwa mlima.
Mlima haukuwa na la kujibu.
Na kurudi nyuma? Kutambaa? Kumbeba mwenzako?
Nilisubiri somo hilo.
Labda lilikuwa la siku ya kumi na mbili.

Komanda aliagiza kinachozidi kikatwe.
Sikukata.
Nilikunja kwa ndani, vidole vinne, suruali sitini,
umeme ulipokatika nikashona kwa tochi ya simu,
mishono mirefu, ile inayofumuka
ukivuta uzi mmoja tu.
Ujinga wa fundi:
kudhani kitambaa kinaweza kumdai mtu mwaka kesho.

Waliondoka mvua ikinyesha, barabara ya Kavumu.
Mama Nabintu alikimbilia lori na beseni kichwani,
akawarushia mayai, wote, wake na wa wenzake,
na lori likakata kona
chumvi ikiwa bado kiganjani mwake.

Wiki ya tatu, lori lilelile. Gunia moja.
"Zimefuliwa," dereva akasema, bila kunitazama.
Nilihesabu. Thelathini na nane.
Sikuuliza nyingine ziko wapi,
wala hizi zilivuliwa na nani.
Niliyoishika kwanza ilikuwa na tundu juu ya goti,
dogo, la kuzibwa kwa kiraka cha mfuko wa shati.
Nikavuta uzi. Upindo ukashuka.
Ndani yake kitambaa kilikuwa kipya kabisa,
kijani cha jani la mgomba ambalo halijajikunjua.
Vidole vinne. Vyote.

"Usizirefushe," komanda akasema kutoka mlangoni.
"Zipunguze tena. Hawa wapya ni wafupi."

Nje walikuwa wameshapanga mstari.
Nikaweka kiganja juu ya kitambaa, kupima.
Mkono mmoja haukutosha.