Mwimo wa Mlango

Nyumba ya Usoke inabomoka kuanzia jikoni,
lakini mwimo wa mlango wa mbele bado umesimama:
mninga, baba aliupasua mwenyewe
enzi ambazo bwana misitu hajaijua njia ya kwetu.
Juu yake alama za kisu. Ndio sisi.

Yangu ya miaka saba iko hapa, inanifika kifuani.
Ulikuwa mwaka wa daraja la kwanza,
tumbaku ya rangi ya chungwa, marobota ishirini na mawili.
Tulikunywa maziwa kila jioni
na mimi nikanunuliwa viatu vyenye kelele.

Ya Mihayo ya miaka saba iko hapa.
Vidole vinne chini.
Wengine wanauliza damu, wanauliza ukoo.
Mimi naiuliza mvua ya mawe
iliyotoboa majani wiki moja kabla ya kuchuma,
naliuliza deni la mbolea, lisilojua kama mvua ilinyesha mawe,
namuuliza mama, mimba ya miezi saba,
kuni za bani kichwani, tumboni makopa ya jana.
Mtoto huanza kupimwa kabla hajazaliwa.

Na miaka iliyofuata haikuwa na huruma.
Baba alihama akiwa humohumo mwilini mwake.
Usiku alilisha moto wa bani,
asubuhi alirudi macho mekundu, mkono mwepesi.
Mihayo kamwaga maji: kofi.
Mihayo kauliza kwa nini: kofi.
Akaacha kuuliza.
Mwalimu akaandika kwenye ripoti: mzito.

Aliyebakiwa na maneno ni mama.
Chakula kikiisha kabla ya njaa
alitulaza, akatuuliza mmoja mmoja:
leo umeona nini ambacho mimi sikukiona?
Siafu wanahama, nilisema.
Lori la chama limekwama mtoni.
Mihayo alikawia. Kisha, gizani:
"Nimeona moshi wa bani umesimama tu, haujui pa kwenda."
Mama akacheka, akamwambia arudie.
Akarudia.

Sitasema mapenzi yalitosha.
Hayakutosha. Vile vidole vinne havikurudi.
Mihayo ni fundi simu Kaliua sasa,
na kila suruali anayonunua hupunguzwa miguu.

Lakini itazame alama yake ya miaka minane,
ilivyoruka. Nilikuwepo.
Aliinua visigino, ulimi nje kwa jitihada,
na baba akaviona. Nilimwona akiviona.
Akanyamaza, akakata palepale.
Uongo wa kidole kimoja na nusu:
sikuwahi kumsikia akiomba radhi kwa namna nyingine.

Jana nilimsimamisha binti yangu, Nyanzala,
kadi ya kliniki mkononi.
Mstari wake unapanda vizuri,
wala si kwa ujanja wangu. Nina mshahara.
Mama alikuwa kwenye kigoda akichambua mlenda.
"Na mimi je?" akasema. "Mimi hakuna aliyewahi kunipima."

Akaja. Akavua kandambili,
akaegemeza mgongo kwenye mninga,
mdogo kuliko nilivyodhani.
Nikalaza kisu juu ya kilemba chake.
"Simama vizuri, mama."
"Nimesimama."
Chini kule, visigino vyenye nyufa
vinapanda, polepole, kimoja baada ya kingine.